Mstari Mmoja Haujengi Nyumba

Wengi wetu tunaijua Biblia kwa vipande: kuna mstari wa harusi, mstari wa msiba na mstari wa kumnyamazisha mke. Safari hii nawapeleka kwetu Msamala, Songea, mkaone majirani wanavyosoma sura nzima, tena kwa pamoja.

Mpenzi msomaji, nikuulize. Mara ya mwisho mtu kukufungulia Biblia, alikuwa anataka nini kwako? Alitaka ufarijike? Alitaka uhamie kanisani kwake? Au alitaka tu unyamaze?

Nauliza kwa sababu katika barua na meseji zinazofika kwenye meza yangu ya uhariri, Biblia inatajwa kuliko unavyoweza kudhani. Gazeti letu ni la mapenzi, ndoa, mavazi na mapishi, lakini hazipiti siku nyingi bila mtu kuandika: mchumba wangu anasema imeandikwa, mama mkwe anasema imeandikwa, wazee wameniambia nivumilie kwa sababu imeandikwa. Sawa, imeandikwa. Na nani? Kwa nani? Ilikuwaje mpaka ikaandikwa?

Chuo kikuu nilisomea mawasiliano, na kitu cha mwanzo kabisa tulichofundishwa ni kwamba ujumbe si maneno matupu. Kuna anayesema, kuna anayeambiwa, kuna wakati na kuna sababu. Ukiviondoa hivyo vyote, maneno yanabaki kama kanga iliyookotwa njiani: kila mtu anajifunga anavyotaka.

Jumuiya imekuja kwetu

Msamala ni kata ndani ya Manispaa ya Songea, mkoani Ruvuma. Upande wa mashariki unaiona milima ya Matogoro, ambako ndiko Mto Ruvuma unakoanzia. Mwezi wa sita na wa saba baridi inauma kwelikweli, watu wanatoa masweta na mahindi yanakauka uani. Nimekulia huko, katika nyumba ya Kikatoliki, na kila nikienda likizo mama hunitajia siku ya jumuiya hata kabla sijafungua begi.

Kwa wasiojua, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ni vikundi vya kaya za jirani zinazokutana nyumba kwa nyumba. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970. Walitaka Kanisa la majirani wanaojuana kwa majina, wanaojua nani anaumwa na nani hana mbegu msimu huu, badala ya Kanisa la Jumapili peke yake.

Njia moja inayotumika sana kusoma Neno katika jumuiya ni ile ya hatua saba. Iliandaliwa katika Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, walikofanya kazi mapadre wawili Wajerumani, Oswald Hirmer na Fritz Lobinger. Inakwenda hivi:

1. Mtu mmoja anasali kwa maneno yake, anamkaribisha Bwana.
2. Somo linasomwa taratibu, kila mtu ameshika Biblia yake au anachungulia ya jirani.
3. Kila anayetaka anachagua neno au fungu fupi lililomgusa, analisoma kwa sauti mara tatu, bila kulieleza.
4. Kimya. Dakika kadhaa, hakuna anayesema.
5. Watu wanashirikishana walichosikia moyoni. Hakuna kuhubiri wala kumsahihisha mwenzako.
6. Wanaulizana: sasa tufanye nini? Nani afanye, na lini?
7. Wanafunga kwa sala, anayetaka anasali.

Angalia vizuri hatua ya tatu na ya tano. Anayejua kusema hana nafasi kubwa kuliko asiyejua. Mwalimu mstaafu atachagua neno lake, na bibi asiyejua kusoma atachagua lake kwa kusikia. Katika nchi ambayo tumezoea mmoja asimame na wengine tuitikie, hilo si jambo dogo.

Neno ambalo hakusomewa

Likizo yangu iliyopita zamu iliangukia nyumbani kwetu. Tulipanga mikeka na mabenchi, watu wakafika na vitenge vyao mabegani. Somo lilitoka katika Waraka kwa Waefeso, sura ya tano. Ndiyo, ile ya wake na waume.

Alikuwepo mama mmoja ambaye simtaji jina. Ameniruhusu kuandika, na mambo mengine ya kumtambulisha nimeyaacha. Mtaa mzima ulijua kwamba mumewe anampiga. Mara mbili alikimbilia kwao, na mara mbili wazee wa ukoo walikaa, wakanywa chai, wakamrudisha wakiwa na mstari mkononi: mke amtii mume. Basi.

Tulipofika hatua ya tatu, baba mmoja alichagua maneno hayohayo ya utii na kuyasoma mara tatu kwa sauti nzito. Mwingine akachagua ya mume kuwa kichwa. Kisha yule mama akatelezesha kidole ukurasani mpaka chini zaidi, akachagua pale Paulo anapowaambia waume wawapende wake zao kama miili yao wenyewe, kwa maana hakuna mtu anayeuchukia mwili wake. Mara ya kwanza alisoma kwa sauti ya chini. Mara ya pili ikapanda. Mara ya tatu hakuna hata mtoto aliyekohoa.

Halafu ndiyo ikaja hatua ya nne, kimya. Sijawahi kukaa kwenye kimya kirefu namna ile.

Kwenye kushirikishana alisema maneno machache tu: "Ule mstari wa juu nimesomewa miaka saba. Huu wa chini hakuna aliyenisomea."

Sasa uzuri wa njia hii ni kwamba haiishii kwenye machozi. Hatua ya sita inadai kazi. Mwenyekiti wa jumuiya, mzee wa miaka sitini na kitu, akauliza: tufanye nini? Ikaamuliwa kwamba akina mama wawili na yeye mwenyekiti wamsindikize, kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Mzee mmoja akajaribu kusema mambo ya ndoa yamalizwe ndani. Shangazi yangu akamjibu kwa adabu zote: "Baba, ndani ndiko anakopigwa."

Hadi naandika haya, mama huyo yuko kwa kaka yake na watoto wanaenda shule. Mume ameitwa vikao viwili. Sitakuambia kwamba yote yamekwisha. Ila sasa hayuko peke yake, na hakuna tena wa kumrudisha akiwa na nusu ya ukurasa.

Tukiwa hapo, tukumbushane jambo ambalo wengi hawalijui: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Hakuna. Awe Mkristo, Mwislamu au asiye na dini.

Paulo hakuandika namba

Baada ya siku ile nilichukua daftari, nikasoma sura ile kama ninavyosoma makala ya mwandishi kabla haijaenda mtamboni: mwanzo hadi mwisho, nikiuliza kila sentensi imeshikana na ipi.

Jambo la kwanza: Paulo hakuandika namba za mistari. Sura tunazozijua zinahusishwa na Stephen Langton, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury huko Uingereza mwanzoni mwa karne ya 13. Namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Mfaransa, Robert Estienne, mwaka 1551. Vile vichwa vidogo vyeusi katikati ya ukurasa ni vya wachapishaji. Kwa hiyo unaposoma "22" na kuanzia hapo, unaanza mahali ambapo mchapaji alikata, siyo mahali Paulo alipovuta pumzi.

Rudi mstari mmoja nyuma, wa 21. Hapo Wakristo wote wanaambiwa watiiane, kila mmoja kwa mwenzake. Tena katika baadhi ya nakala za Kigiriki za zamani kabisa, mstari wa 22 hauna kitenzi chake wenyewe, umeazima kile cha mstari wa 21. Yaani huwezi kuusoma peke yake hata kama unataka. Ni kama kukata sentensi ya mtu katikati halafu ukamnukuu gazetini. Kwetu sisi waandishi hilo ni kosa la kufukuzisha kazi.

Jambo la pili: hesabu. Wake wameandikiwa mistari mitatu, kuanzia 22 hadi 24. Waume wameandikiwa kuanzia 25 hadi 33, ingawa ule wa mwisho unawagusa wote wawili. Katika dunia ya Kirumi, baba mwenye nyumba alikuwa na mamlaka makubwa juu ya mke, watoto na watumwa. Mke kuambiwa atii haikuwa habari mpya kwa mtu yeyote wa Efeso. Habari ilikuwa mume kuambiwa ajitoe kwa ajili ya mke kama Kristo alivyojitoa, na Kristo alijitoa hadi kufa.

Najua makanisa yanatofautiana hapa. Yapo yanayofundisha kwamba mume ni kichwa, na yapo yanayosisitiza usawa wa wawili. Sitaki kuamua ugomvi huo katika kurasa zetu hizi. Ninachosema ni kwamba kwa upande wowote utakaosimama, fimbo haimo katika sura ile.

Mistari tunayoipenda vibaya

Nikaona nipite na mingine, ile inayopamba kadi zetu na stetasi za simu.

*Ahadi ya Ruthu.* Maneno ya "utakakokwenda nitakwenda" maharusi wanayapenda sana. Ni matamu kweli. Lakini hayakusemwa na bibi harusi kwa bwana harusi. Ruthu, mjane Mmoabu, alikuwa anamwambia mama mkwe wake Naomi, njiani, wote wawili wakiwa wamefiwa na waume na hawana kitu. Ukilijua hilo, mstari unapanda thamani. Nani kati yetu amewahi kumwambia mama mkwe maneno kama hayo?

*Wakorintho wa Kwanza 13.* Sura ya upendo. Haikuandikwa kwa ajili ya harusi. Iliandikiwa kanisa lililogawanyika kwa majungu, mashindano ya karama na matajiri waliokula wakawaacha maskini na njaa. Kwa hiyo ukisoma kwamba upendo huvumilia, fikiria kamati ya kwaya kwanza, ndipo ufikirie maua.

*Yeremia 29:11.* Mipango ya amani na tumaini. Wahitimu wetu wanaandikiwa sana. Asili yake ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari mmoja kabla yake wanaambiwa itachukua miaka sabini. Sabini! Katika barua hiyohiyo wanaambiwa wajenge nyumba, walime, waoe na kuozesha, wauombee amani mji wa waliowateka. Ni tumaini la mtu anayepanda mti ambao hatakula matunda yake.

*Msaidizi, Mwanzo 2.* Kuna waume wanaolisoma neno hili wakafikiria dada wa kazi. Neno la Kiebrania lililotumika pale ni lilelile ambalo Zaburi zinalitumia kwa Mungu mwenyewe anapoitwa msaada wa watu wake. Sasa msaidizi wa namna hiyo utamtuma akakuchotee maji huku umeketi?

Soma kwa Biblia mbili

Ushauri wangu mmoja wa kazi: usitegemee tafsiri moja. Biblia yetu ya Kiswahili imepita mikono mingi. Ludwig Krapf alianza kutafsiri Mwanzo akiwa Mombasa mwaka 1844, mwaka uleule aliomzika mkewe na mtoto wao mchanga. Baadaye Askofu Edward Steere alifanya kazi kubwa Zanzibar, na Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ikatoka mwaka 1891. Mwaka 1937 ikatoka ya Karl Roehl, Mjerumani aliyejitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Ile ya Union, ambayo nyumba nyingi wanayo mpaka leo, ilikamilika mwaka 1952. Miaka ya 1990 ikaja Habari Njema, ambayo Wakatoliki na Waprotestanti walishirikiana, kwa Kiswahili chepesi zaidi.

Kila mtafsiri alikuwa mtu, alikaa mezani akachagua neno na kuacha jingine. Weka mbili pembeni kwa pembeni. Zinapokubaliana, endelea. Zinapotofautiana, simama, maana hapo kuna kitu cha kuuliza.

Kushirikisha siyo kushinda

Songea inalijua hili kuliko miji mingi. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho, magharibi mwa mji, mwaka 1898. Wanahistoria wa Ungoni wameandika jinsi mmisionari mmoja alivyoichoma moto nyumba ya mahoka ya Nkosi Mputa Gama. Mahoka ni mizimu ya wazee, na nyumba ile ilikuwa mahali pake pa sala. Vita vya Majimaji vilipofika mwaka 1905, misheni ya Peramiho nayo ilichomwa.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni pale Songea, Mputa akiwa miongoni mwao. Kabla ya siku hiyo Padre Johannes Häfliger aliingia gerezani kuwafundisha, na wengi wakabatizwa wakiwa wanasubiri kitanzi. Kila mwaka tarehe hiyo mji unawakumbuka. Nimekwenda mara nyingi kwenye makumbusho ya Majimaji nikawaza: imani inayopokelewa na mtu mwenye minyororo, mbele ya kamba, tuiiteje? Wapo waliopata faraja ya kweli, siwezi kuwanyang'anya. Lakini naona pia kwamba aliyekuwa anasikiliza hakuwa na pa kwenda.

Halafu najiuliza: leo ni mara ngapi tunamshika mtu asiye na pa kwenda? Abiria ndani ya basi la Dar, safari ya siku nzima. Mfiwa aliyekaa kwenye mkeka. Mfanyakazi wa ndani ambaye mshahara wake unatoka kwako. Mke aliyerudishwa kwa mara ya pili.

Linganisha na kisa cha Filipo katika Matendo sura ya nane. Mwethiopia, afisa wa malkia, yuko garini kwake anasoma Isaya. Filipo anaanza na swali: je, unaelewa? Anapanda kwa sababu amealikwa. Anaanzia kwenye andiko ambalo mwenzake alikuwa tayari analisoma. Na Mwethiopia ndiye anayeomba ubatizo. Petro naye, katika waraka wake wa kwanza, anataka Wakristo wawe tayari kujibu kila anayewauliza habari za tumaini lao, kwa upole na heshima. Anayewauliza, jamani. Maana yake maisha yako yamemfanya mtu aulize.

Msamala tunaishi Wakristo na Waislamu ukuta kwa ukuta. Jirani yetu Mwislamu alishamuuliza mama: hivi mkikaa jumuiya mnafanyaga nini, mbona mnanyamaza muda mrefu hivyo? Mama akamweleza hatua ya nne. Jirani akacheka, akasema hata kwao kuna kunyamaza. Wakaendelea kupukuchua mahindi, na mazungumzo yao hayajaisha hadi leo.

Kabla hujamtumia mtu mstari

- Umesoma sura nzima, au umeuona kwenye stetasi ya mtu?
- Nani alikuwa anaambiwa, na alikuwa kwenye hali gani?
- Unakugusa wewe kwanza, au unamlenga yeye tu?
- Anayeupokea ana nafasi ya kukujibu "sikubaliani" bila kupoteza kitu?
- Ukishautuma, utafanya nini? Mgonjwa anahitaji Zaburi, lakini pia anahitaji uji.

Kama unataka kuanza, anza na Kitabu cha Ruthu. Kina sura nne tu, nusu saa haiishi. Zimeni televisheni, someni kwa zamu wewe na mwenzako, halafu kila mmoja achague neno moja na kulirudia mara tatu bila kulieleza. Mkifika kwenye kimya msiogope, na simu ikilia iacheni. Atakayeanza kumhubiria mwenzake ndiye atakayechemsha chai.